Jacopetti: Mtaliano aliyeipiga picha Januari ya 1964
Na Mwandishi Wetu, Tabora

JANUARI 21, 1964, askari wa Kikosi cha Pili cha Tanganyika Rifles waliasi mjini Tabora, wakawaweka chini ya ulinzi maofisa wao wa Kiingereza na kuwatia hofu wakazi. Siku hizo hizo, Wataliano wachache walikuwa pwani ya nchi hii wakiwa na kamera, mikanda ya filamu za rangi na ndege ndogo ya kukodi. Walikuwa wameruka juu ya Unguja, ambako utawala wa Sultani ulikuwa umepinduliwa Januari 12, na kupiga picha ambazo zinabishaniwa hadi leo.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Gualtiero Jacopetti, mwandishi wa habari aliyegeuka mtengenezaji wa filamu. Filamu iliyotokana na safari hiyo iliitwa Africa Addio, yaani Kwaheri Afrika, na ilianza kuoneshwa Italia mwaka 1966.

Jacopetti alizaliwa Septemba 4, 1919 katika mji mdogo wa Barga, mkoani Toscana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliingia katika uandishi wa habari, akaanzisha jarida la Cronache katika miaka ya 1950, kisha akahamia kwenye zile habari fupi za sinema zilizokuwa zikioneshwa kabla ya filamu kuu kuanza. Huko ndiko alikojifunza kuoanisha picha na maneno ya kejeli, ufundi uliompatia umaarufu na fedha, na baadaye ukamletea lawama.

Mwaka 1962, akishirikiana na Franco Prosperi na Paolo Cavara, alitoa Mondo Cane. Filamu hiyo haikuwa na hadithi wala waigizaji wakuu. Ilikuwa mkusanyiko wa vituko na mila za watu wa mataifa mbalimbali, vikiunganishwa na msimulizi mwenye dhihaka na muziki laini wa Riz Ortolani na Nino Oliviero. Wimbo wake, ambao ulimwengu unaujua kwa jina la More, uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Waigaji wakajitokeza kila upande, hata filamu za aina hiyo zikapewa jina la jumla la mondo.

Mafanikio hayo yalitanguliwa na msiba. Machi 1961 Jacopetti alikuwa ndani ya gari lililopata ajali huko California, Marekani. Mpenzi wake, mwigizaji wa Kiingereza Belinda Lee, alipoteza maisha. Yeye na Prosperi walijeruhiwa. Filamu yake ya mwaka 1963, La donna nel mondo, aliitoa kwa kumbukumbu ya mwanamke huyo.

Kisha wakaja Afrika, wakati bendera za kikoloni zilipokuwa zikishushwa. Walipiga picha Kenya, Tanganyika, Kongo na kwingineko. Jijini Dar es Salaam, wakati wa maasi ya jeshi, walisimamishwa na askari wenye silaha na kutolewa ndani ya gari kwa nguvu. Kwa maelezo yao wenyewe, kilichowaokoa ni pasi zao za kusafiria: askari mmoja alizitazama, akabaini kuwa walikuwa Wataliano, wakaachiwa.

Unguja ilikuwa jambo jingine. Kwa mujibu wa filamu, ndege yao haikuweza kutua kwa sababu ya risasi, hivyo kamera ikafanya kazi kutoka angani. Inaonekana misururu ya watu wakitembezwa, miili ikiwa imelala chini, na watu wakikimbilia baharini. Ni miongoni mwa picha chache mno za sinema zinazojulikana kuhusu siku hizo. Wapo wanaozitumia kama ushahidi usiopingika, na wapo wanaodai kuwa zilitengenezwa. Idadi ya waliouawa nayo imebaki kuwa mjadala usiokwisha.

Kwa wakazi wa Tabora, hilo si jambo la mbali. Mji huu ulikuzwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliishi hapa, na zipo koo za Tabora zenye nasaba Unguja. Anayeitazama filamu hiyo akiwa Kwihara huenda anawatazama ndugu wa babu yake.

Tatizo ni kwamba aliyeshika kamera hakuaminika. Mwishoni mwa mwaka 1964 mwandishi Carlo Gregoretti, aliyekuwa na kundi hilo nchini Kongo, aliandika katika jarida la L'Espresso habari iliyodai kuwa mamluki walipanga mauaji ya watu ili kamera zipate nafasi nzuri. Filamu ikakamatwa na Jacopetti akashitakiwa kwa kushiriki mauaji. Mahakama ilimwachia huru, lakini shaka haikumwacha.

Lawama nyingine zilihusu maudhui. Msimulizi wa filamu anaielezea Afrika kama mtoto aliyeachwa na mlezi wa Kizungu akaanza kuteketeza nyumba. Agosti 1966 wanafunzi, wakiwamo Waafrika, waliandamana Berlin Magharibi kuipinga, na katika Umoja wa Mataifa balozi wa Marekani, Arthur Goldberg, aliishutumu baada ya wajumbe wa nchi za Kiafrika kulalamika. Mtazamaji anayetaka kujua kwamba katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, itambidi atafute kwingine.

Mwaka 1970 msambazaji mmoja wa Marekani aliikata hadi takribani dakika 80, akaacha damu na kuondoa siasa, na kuipa jina la Africa Blood and Guts. Nakala hiyo, ambayo Jacopetti aliikana, ndiyo iliyoenea kwa miaka mingi kwenye kanda za video, rangi zikiwa zimefifia na picha kujaa mikwaruzo.

Mwaka 2003 kampuni ya Blue Underground ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa DVD wa filamu za Jacopetti na Prosperi. Africa Addio imo katika toleo refu la Kitaliano la takribani dakika 140, pamoja na toleo la Kiingereza. Urefu huo ni zaidi ya picha 200,000 zinazofuatana. Katika kazi ya namna hiyo hutafutwa nakala ya filamu iliyo karibu zaidi na ile ya awali, huhamishiwa kwenye mitambo ya kidijitali, kisha rangi husawazishwa na uchafu kuondolewa. Matokeo yake ni kwamba fukwe za Unguja zinaonekana vizuri zaidi kuliko kwenye kanda za zamani. Lakini hakuna mtambo unaoweza kuongeza kilichoachwa nje ya picha. Wale watu hawana majina, na anayezungumza juu yao ni msimulizi wa Kizungu.

Tabora haimo. Askari wa hapa walidai mishahara bora na maofisa Waafrika, maasi yakazimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, jeshi likavunjwa, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mirisho Sarakikya, ambaye maasi yalimkuta akiwa ofisa hapa Tabora. Hiyo haikuwa habari ya kumvutia Jacopetti.

Wafuasi wake walikwenda mbali zaidi. Mpiga picha wake, Antonio Climati, alikuja kuongoza filamu ya msituni ya Natura contro mwaka 1988. Ortolani alitunga muziki wa Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato ya mwaka 1980, inayowahusu waandishi wanaopanga ukatili ili waupige picha. Wengi waliona humo kivuli cha Jacopetti. Deodato naye alifikishwa mahakamani na kutakiwa kuthibitisha kuwa waigizaji wake walikuwa hai.

Jacopetti aliongoza pia Addio zio Tom ya mwaka 1971, kuhusu utumwa Marekani, iliyozua hasira kama ile ya mwanzo. Baada ya Mondo candido ya mwaka 1975 hakurudia tena umaarufu wake wa zamani. Alifariki dunia mjini Roma Agosti 17, 2011, akiwa na umri wa miaka 91, na hadi uzeeni alishikilia kwamba hakuna mtu aliyeuawa kwa ajili ya kamera yake.