Al-Ijliyya: Binti wa Fundi wa Asturlabu



Mwezi huu mtukufu, kila ukiamka kula daku unatupa jicho kwenye saa au simu, ukajua dakika ngapi zimebaki kabla ya alfajiri. Hebu jiulize: Waislamu wa miaka elfu moja iliyopita walijuaje? Hawakuwa na saa ya mkono wala ratiba iliyochapishwa. Walikuwa na jua, kivuli na nyota. Na wataalamu wao walikuwa na chombo cha shaba kiitwacho asturlabu. Miongoni mwa mafundi wa chombo hicho alikuweko mwanamke wa Kiislamu, na huyo ndiye nataka umjue leo.

Anajulikana kwa jina la Al-Ijliyya. Aliishi karne ya 10 Miladia, yaani karne ya 4 Hijria. Baba yake, Al-Ijli, alikuwa fundi wa asturlabu aliyefunzwa na ustadhi aitwaye Bitulus. Binti naye akasoma kwa ustadhi huyohuyo. Wataalamu wengi wanaona kwamba Bitulus huyu ndiye Nastulus, ambaye asturlabu yake ya mwaka 315 Hijria (927–928) imehifadhiwa Kuwait na ni katika zile kongwe kabisa zenye tarehe.

Al-Ijliyya akaja kuwa pamoja na Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab huko Syria, mji ambao wengine huuita Aleppo. Mtawala huyu alitawala kuanzia 944 hadi 967. Zama hizo hazikuwa za raha. Halab ilikuwa vitani na Warumi wa Byzantium, na mwaka 962 waliuvamia mji na kuupora. Hata hivyo, Sayf al-Dawla alikusanya wenye vipaji: mshairi Al-Mutanabbi alikuwa kwake, na mwanafalsafa Al-Farabi pia. Basi kutajwa pamoja na mtu kama huyo si jambo dogo.

Sasa, asturlabu ni kitu gani? Ni sahani ya duara, nyingi waweza kuzibeba kwa mkono mmoja. Juu ina pete ya kuning'iniza. Nyuma ina kipande kinachozunguka: unakielekeza kwenye jua au nyota, unasoma imepanda nyuzi ngapi kutoka upeo wa macho. Mbele kuna wavu wa shaba wenye ncha nyingi, kila ncha ni nyota moja. Unauzungusha wavu mpaka ulingane na kipimo chako, na hapo unajua ni saa ngapi, usiku au mchana. Kwa hesabu hizo wakapata nyakati za swala na hata kutafuta kibla.

Na usidhani ni kazi ya kugonga nyundo tu, la. Chini ya wavu huwekwa sahani iliyochorwa mistari kwa ajili ya latitudo maalumu. Sahani ya Halab, ambayo iko kama nyuzi 36 kaskazini, isingekufaa wewe wa Mombasa, uliyeko nyuzi 4 kusini. Kila mahali pana hesabu yake. Fundi akikosea kidogo, anayeitumia atakosea wakati. Kwa hiyo fundi alihitaji jometri, elimu ya nyota na mkono usiotetemeka. Hiyo ndiyo elimu aliyoisoma binti huyu.

Hapa, msomaji wangu, tuwe wakweli. Sisi tuliopitia madrasa tumefundishwa kuuliza: habari hii imetoka kwa nani? Habari ya Al-Ijliyya imetoka kwa Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliyeandika Al-Fihrist mwaka 377 Hijria (987), miaka 20 tu baada ya kufa Sayf al-Dawla. Na alichoandika ni mstari mmoja: kwamba alikuwa binti wa Al-Ijli, alikuwa na Sayf al-Dawla, na alikuwa mwanafunzi wa Bitulus. Basi. Jina Mariam, ambalo watu wengi humwita, halimo. Wapo pia wanaosema yeye ndiye aliyebuni asturlabu. Si kweli, Wayunani walikuwa nayo karne nyingi kabla yake, na katika Waislamu anayetajwa kuwa wa kwanza kuitengeneza ni Al-Fazari, wa karne ya 8.

Mbona nakwambia haya? Kwa sababu tukimpamba kwa uongo, siku mwenye shaka atakapoufichua ataukataa na ukweli pia. Na ukweli wenyewe watosha! Katika orodha ya mafundi wa vyombo, jina lake liko pamoja na la baba yake na la ustadhi wake. Mwaka 1990 iligunduliwa asteroidi, jabali linalozunguka jua, nayo ikaja kupewa jina lake: 7060 Al-'Ijliya.

Dada yangu, ukiambiwa fizikia ni somo la wavulana, mkumbuke huyu. Nawe mzazi, mtazame Al-Ijli. Ufundi aliokuwa nao ulikuwa ni riziki na heshima yake, na binti yake akaupata. Hakusema huyu ataolewa, ya nini kumsomesha. Ustadhi naye hakumfungia mlango. Je, binti yako akikuomba pesa za kitabu cha hesabu, unampa sawa na kaka yake? Jijibu mwenyewe kabla ya Idd.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Al-Ijliyya na walimu wake, atukubalie saumu zetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na mabinti zetu. Amin.