Mwenda Jean Bosco: Bingwa wa gitaa ambaye hakuishi kwa gitaa pekee

Kila mwaka vijana wenye vipaji, wawe wanasoka, wakimbiaji au wanamuziki, hukumbana na swali lile lile: kuacha masomo na kufuata kipaji kinacholipa leo, au kusoma kwanza? Mjini Likasi, mkoa wa Haut-Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, swali hilo linamkumbusha mtu Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, yaliyokuwa makao makuu ya Msiri, mtawala mwenye asili ya magharibi mwa Tanzania ya leo aliyeuawa mwaka 1891. Watu wa ufalme huo huitwa Bayeke, na ndiyo maana mwanamuziki huyo alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke.

Ujana wake ulimkuta Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville. Mji uliishi kwa migodi. Karibu nao upo Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ambayo Marekani iliyatumia mwaka 1945. Kijana wa Kiafrika aliyetaka kukwepa kazi ya sulubu alihitaji kujua kusoma na kuandika Kifaransa ili apate kiti cha ofisini. Elimu ilikuwa adimu: Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wacongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Bosco alibahatika kusoma kiasi cha kuweza kuajiriwa kama karani.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimsikia akipiga gitaa mtaani Jadotville, akamrekodi. Bosco alitumia kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji angeweza kudhani wanapiga watu wawili. Kibao chake Masanga kilisambazwa kwa santuri na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Jina lake likavuka mipaka akiwa na umri wa miaka 22.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako binamu yake, Edouard Masengo, naye alipata umaarufu. Huko Bosco alisikika redioni na kuimba matangazo ya biashara, na wapiga gitaa wengi wa Kenya waliiga mtindo wake. Kiswahili cha Katanga alichoimba hakikuwapa shida wasikilizaji wa Afrika Mashariki.

Wengi wangetarajia ahamie moja kwa moja katika muziki. Bosco alirudi Katanga. Kwa miaka mingi aliajiriwa, kwanza benki na baadaye katika kampuni ya madini ya Gécamines, huku akiendesha biashara na kusimamia bendi. Zama hizo mwanamuziki mara nyingi alilipwa mara moja tu studio, hata santuri ikiuzwa kwa miaka. Mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa na uhakika zaidi.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama zake. Rekodi zake nyingi zinazokumbukwa ni za ujanani, na bendi za gitaa la umeme zilitawala soko wakati yeye akiwa kazini. Hata hivyo gitaa halikumtupa. Mwaka 1969 alialikwa katika tamasha la Newport nchini Marekani, mwaka 1982 akazuru Ulaya, na mwaka 1988 akarekodi tena mjini Cape Town.

Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

Kijana wa leo ana mikataba na mawakala ambao Bosco hakuwa nao. Bado, kabla ya kutia saini, inafaa ajiulize atakula nini siku simu za mialiko zitakapoacha kulia.