Sir Walter Scott, Mfufuzi wa Maneno

Ningependa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa Mswahili wala hakujua neno moja la Kiswahili. Najua mtauliza, mbona basi aletwe katika kurasa za Chama cha Kiswahili? Subirini kidogo.

Mwaka jana niliandika shairi la mashindano ya chama, nikatumia neno mato badala ya macho. Neno hilo nililiokota katika mashairi ya kale ya Mombasa na Lamu tuliyosoma darasani. Mimi ni mtoto wa bara, na kwetu hakuna anayesema mato. Loo! Nilichekwa darasa zima. Rafiki yangu mmoja akaniuliza ati tangu lini nimekuwa mzee wa Lamu. Mwingine aliyejifanya mjuzi akasema maneno yaliyokufa yaachwe yapumzike. Nilinyamaza, lakini moyoni sikukubali, maana hata huko Mombasa neno lenyewe bado liko hai.

Siku chache baadaye nikiwa maktabani nilisoma gazeti la Kiingereza lenye habari za wizi wa mifugo, na kichwa cha habari kilikuwa na neno raid. Nililitafuta katika kamusi kubwa. Kumbe! Neno hilo tunalolisoma kila wiki, polisi wanapovamia pango la chang'aa au majambazi wanapopora ng'ombe, lilikuwa karibu kuzikwa. Aliyelifufua ni mtu mmoja kiwete aitwaye Walter Scott.

Scott alizaliwa tarehe 15 Agosti 1771 katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi alishikwa na ugonjwa wa kupooza, nao ukamwachia kilema cha mguu wa kulia maisha yake yote. Wazazi wakampeleka shambani kwa babu yake, mahali paitwapo Sandyknowe, karibu na mpaka wa Uskoti na Uingereza, wakitumaini hewa ya huko itamponya. Walijaribu kila dawa. Kuna wakati walimfunga ngozi mbichi ya kondoo aliyechinjwa papo hapo, ikiwa bado ina joto! Mguu haukupona. Lakini huko shambani shangazi yake, Janet, alimsomea na kumwimbia nyimbo za kale mpaka mtoto akazijua kwa moyo kabla ya kujua kusoma. Nyimbo hizo zilisimulia vita vya mpakani, ambako kwa karne nyingi koo za pande zote mbili zilikuwa zikiibiana ng'ombe usiku. Nadhani sisi Wakenya tunaweza kuelewa mambo hayo kuliko watu wa London.

Alipokua alisomea sheria, akawa wakili mwaka 1792. Ndugu zangu, kijana huyu angeweza kukaa mjini ajipatie pesa zake kwa raha. Yeye, kila alipopata likizo, alipanda farasi pamoja na rafiki yake Robert Shortreed, wakaenda katika bonde la Liddesdale, mahali ambapo gari la magurudumu lilikuwa halijawahi kuonekana. Alifanya hivyo miaka saba mfululizo. Walilala kwa wakulima, wakala walichopewa, na Scott akaziandika nyimbo za wazee. Safari hizo yeye mwenyewe aliziita raid, yaani amekwenda kupora, ila anachopora ni nyimbo na wala si ng'ombe.

Hapo ndipo neno letu linapoingia. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya safari ya kupanda farasi. Kusini, kwa Waingereza, neno hilo lilibadilika sauti na maana likawa road, barabara. Kaskazini, kwa Waskoti, likabaki raid, msafara wa wapanda farasi wanaokwenda kuvamia. Kufikia karne ya 17 lilikuwa limefifia. Scott akalitia katika utenzi wake mrefu wa mwaka 1805, The Lay of the Last Minstrel, kisha katika riwaya ya Rob Roy mwaka 1817. Vitabu vyake vilisomwa mno, na neno likatoka mpakani likaenea dunia nzima hadi kwenye magazeti yetu.

Si hilo tu. Utenzi huohuo wa 1805 ulieneza neno glamour, ambalo kwa Waskoti lilikuwa na maana ya uchawi wa kuyadanganya macho ya watu. Sasa linatumiwa kwa urembo na mapambo ya kina dada wa magazetini. Na mjue asili yake ni grammar, ndiyo, ile sarufi inayotuumiza vichwa! Zamani mtu aliyejua sarufi ya Kilatini alidhaniwa ni mchawi. Riwaya ya Ivanhoe ya mwaka 1819 nayo ndiyo iliyoeneza freelance. Mle kitabuni ni askari mamluki mwenye mkuki wake, asiye na bwana wa kudumu. Leo ni mwandishi wa kujitegemea mwenye kalamu yake, na mara nyingi mfuko mtupu.

Sasa, alifanyaje? Kabla yake kulikuwa na kijana aitwaye Thomas Chatterton, aliyefariki mwaka 1770 akiwa na miaka 17 tu, rika letu. Chatterton alitunga mashairi na kudai ni ya karne ya 15, akachota maneno ya kale kutoka kamusini na kuyarundika. Scott alieleza katika utangulizi wa Ivanhoe kwamba hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa hata watu wa kale hawakusema hivyo, na msomaji huchoka. Yeye alitia neno moja la kale katikati ya maneno mepesi, mahali ambapo kisa chenyewe kinakueleza maana. Nakiri Ivanhoe ilinitia usingizi mara mbili, kwani maelezo yake ya mavazi hayana mwisho, lakini sikuhitaji kamusi sana.

Si kila mtu aliyemsifu. Mama yake mshairi James Hogg, mwanamke wa mashambani aliyezijua nyimbo hizo, alimlaumu. Alisema zilitungwa ziimbwe, si zisomwe, na kwa kuwa amezichapisha hakuna atakayeziimba tena. Mimi mpaka leo sijui nimpe nani haki.

Mwaka 1814 Scott alianza kutoa riwaya bila jina lake, ya kwanza ikiwa Waverley. Alipata mali, akajenga jumba la fahari, Abbotsford, na mwaka 1820 akapewa cheo cha Sir. Kisha Januari 1826 mchapishaji wake akaanguka, na kampuni ya uchapaji ambayo Scott alikuwa mshirika wake kwa siri ikaanguka pia. Alijikuta na deni la pauni 120,000 hivi. Mei mwaka huohuo mkewe, Charlotte, akafariki. Angeweza kutangaza kwamba amefilisika na kuachana na mzigo huo, na marafiki walijitolea kumsaidia. Alikataa. Aliahidi kulipa kwa kalamu yake. Basi aliandika usiku na mchana: riwaya, historia, maisha ya Napoleon katika mabuku tisa. Mwaka 1827 akakiri hadharani kwamba riwaya zote zile ni zake. Kiharusi kilimpiga, naye akaendelea kuandika, hata vitabu vya mwisho vinaonyesha mkono uliochoka. Alifariki Abbotsford tarehe 21 Septemba 1832, akiwa amelipa sehemu kubwa. Salio lililipwa kwa mapato ya vitabu vyake. Cha ajabu ni kwamba huyu aliyekufa na deni, sura yake imo katika noti za Bank of Scotland.

Mwaka huu nimeshiriki tena mashindano ya chama. Mato nimeyatia mara moja tu, katika ubeti wa tatu, baada ya mstari unaotaja machozi. Majaji bado hawajatoa matokeo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu