Giles Gilbert Scott, mchoraji wa kibanda chekundu

Picha ya kibanda chekundu cha simu haikosekani katika vitabu vya kufundishia Kiingereza, na wengi wetu kitivoni tuliizoea kabla ya kujua vitenzi vya wakati uliopita. Aliyekichora hatajwi. Namwandikia kurasa hizi kwa sababu kazi yake ndogo imeifunika ile kubwa.

Giles Gilbert Scott alizaliwa London tarehe 9 Novemba 1880, katika ukoo wa wasanifu majengo. Babu yake ndiye aliyechora hoteli kubwa ya stesheni ya St Pancras. Baba yake naye alikuwa msanifu hodari, lakini aliugua akili, na Giles hakupata kumjua vema. Mwaka 1897 baba huyo alifia ndani ya hoteli ileile ya St Pancras. Mtoto alilelewa na mama, katika dini ya Kikatoliki.

Dini hiyo ilizua maneno mwaka 1903, alipokuwa na miaka 22 na kushinda shindano la kuchora kanisa kuu la Waanglikana mjini Liverpool. Kijana ambaye hajajenga kitu cha maana, tena Mkatoliki! Kamati ilisita, ikamwekea mzee Bodley amsimamie. Hawakupatana. Scott alikuwa karibu kujiuzulu, Bodley akafariki mwaka 1907. Akabaki peke yake, na mwaka 1910 akafanya jambo ambalo mimi nalistaajabia kuliko yote: ujenzi ukiwa umekwisha anza, aliibadilisha ramani yake mwenyewe, akaondoa minara miwili na kuweka mmoja mkubwa katikati.

Mwaka 1924 sehemu ya kanisa iliwekwa wakfu, naye akapewa cheo cha Sir. Mwaka huohuo aliingia shindano la kibanda cha simu. Paa lake la kuba linafanana na kaburi la msanifu John Soane, na Scott alikuwa mmoja wa wadhamini wa makumbusho ya Soane. Alitaka kibanda kiwe na rangi ya fedha nje, na kijanibuluu ndani. Posta ikachagua nyekundu.

Kibanda hicho cha kwanza, K2, kilikuwa kikubwa na ghali, hakikufaa vijiji. Mwaka 1935, kwa sherehe za miaka 25 ya Mfalme George V, akachora K6, kidogo zaidi, na hicho ndicho kilichoenea nchi nzima. Wanavijiji wengine walilalamika kwamba rangi ile inaharibu mandhari, hata mahali pengine kikaruhusiwa kupakwa kijivu. Leo vijiji hivyohivyo vinakilinda. Vibanda zaidi ya 2,000 vimeandikishwa kama urithi wa historia, havivunjwi wala kuhamishwa bila kibali. Simu zimeondolewa katika vingi. Kijiji hukinunua kwa pauni moja, kikatia rafu za vitabu au mashine ya kustua moyo. (Kwetu kabine ni meza na mwavuli; sijui nani atauandikisha mwavuli.)

Scott alifariki tarehe 8 Februari 1960. Kanisa la Liverpool lilikamilika mwaka 1978, na kaburi lake liko nje ya mlango wa magharibi. Kielelezo cha kwanza cha K2, kilichotengenezwa kwa mbao, kingali kimesimama langoni mwa Burlington House, London. Nacho kimepakwa nyekundu.