I. A. Richards na Somo la Ufahamu Nchini China

Mwalimu wa Kiingereza anapowapa wanafunzi wake kifungu cha habari wakisome, kisha akawapa maswali ya kujibu, huamini kwamba anapima ufahamu. Aghalabu anachopima ni wepesi wa jicho. Mwanafunzi hulitafuta neno la swali ndani ya kifungu, akainakili sentensi yenye neno hilo, akapata alama zake bila kujua mwandishi alisema nini. Miongoni mwa watu waliolichunguza tatizo hili kwa makini ni Mwingereza Ivor Armstrong Richards. Tumeona inafaa kuyasimulia maisha yake katika kurasa hizi kwa kuwa miaka mingi ya maisha hayo aliitoa kwa kazi ya kuwafundisha Wachina kusoma Kiingereza, na kwa kuwa kufaulu kwake na kushindwa kwake vyote viwili vina la kutufunza.

Richards alizaliwa tarehe 26 Februari 1893 katika mji wa Sandbach, jimbo la Cheshire. Ujanani aliugua kifua kikuu, maradhi yaliyoyakatiza masomo yake na kumpeleka milimani kutafuta afya. Kutokana na hayo alipata mapenzi ya kupanda milima, mapenzi ambayo baadaye alishirikiana na mkewe, Dorothy Pilley, aliyekuwa mpandaji mashuhuri. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge hakusomea fasihi, bali falsafa. Jambo hili tulikumbuke, kwani ndilo lililomfanya aanze na swali ambalo walimu wengi wa fasihi walikuwa wakiliruka: maana ni nini, nayo humfikiaje msomaji? Mwaka 1923 yeye na rafiki yake C. K. Ogden walitoa kitabu The Meaning of Meaning. Humo walieleza kwamba neno halikufungwa moja kwa moja na kitu linachokitaja. Baina ya neno na kitu pana fikra ya mtu anayelitumia. Basi watu wawili waweza kulisoma neno lile lile, kila mmoja akaondoka na fikra yake.

Ili kulithibitisha jambo hilo, Richards alifanya jaribio darasani. Aliwagawia wanafunzi wake wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, akawataka waandike kwa uhuru walivyoyaelewa. Baada ya wiki moja alizikusanya karatasi, akazisoma zote, na katika mhadhara uliofuata akayajadili yale waliyoyaandika. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929 katika kitabu Practical Criticism, chenye mashairi 13 na maoni mengi ya wasomaji hao. Vijana waliotoka katika shule bora za Uingereza, wakisoma lugha ya mama zao, walishindwa hata kueleza maana ya kawaida ya sentensi walizozisoma. Wengine walijibu kwa fikra walizokuja nazo tayari, wengine kwa kumbukumbu za maisha yao zisizohusiana na shairi. Kwa hiyo kutoelewa maandishi si ugonjwa wa mgeni peke yake.

Katika kitabu hicho Richards aligawa maana katika mafungu manne: jambo lenyewe linalosemwa; hisia za msemaji kuhusu jambo hilo; msimamo wake mbele ya anayeambiwa, kama ni wa heshima, wa dharau au wa mzaha; na kusudi lake la kusema. Msomaji aweza kulipata fungu la kwanza, akayakosa matatu yaliyobaki.

Mwaka huo huo wa 1929 alikwenda Beijing kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, akakaa huko hadi mwaka 1930. Inasimuliwa kwamba alisoma na wanafunzi wake riwaya ya Thomas Hardy inayomhusu Tess, msichana maskini aliyedhulumiwa na mwanamume, ambaye hatimaye alimwua mwanamume huyo akanyongwa. Waingereza wengi huufikia mwisho wa riwaya hiyo kwa majonzi. Wanafunzi wa Richards walipiga makofi. Alipouliza sababu, alielezwa kwamba Tess alikosa adabu kwa baba yake mwanzoni mwa kisa, na tangu hapo walikuwa wakingoja aadhibiwe.

Kisa hiki chastahili kutafakariwa na kila mwalimu. Wanafunzi wale hawakukosa msamiati, wala sarufi haikuwashinda. Waliisoma riwaya mpaka mwisho na kuyakumbuka mambo ya mwanzo. Lakini waliisoma kwa mizani ya heshima ya mtoto kwa mzazi, mizani waliyolelewa nayo. Maswali ya kawaida ya ufahamu yasingelifichua jambo hilo kamwe, maana kila mmoja wao angeliweza kujibu kwa usahihi ni nani aliyenyongwa na kwa kosa gani.

Richards hakuwacheka. Alijitia mwenyewe katika hali yao: kwa msaada wa wataalamu wa Kichina alivichunguza vifungu vya mwanafalsafa Mencius, akaonyesha jinsi kifungu kimoja kinavyoweza kupewa maana kadhaa katika Kiingereza. Kitabu chake juu ya kazi hiyo, Mencius on the Mind, kilitoka mwaka 1932. Mwalimu akawa mwanafunzi, akaonja ugumu wa kusoma mawazo yaliyojengwa juu ya msingi asioujua.

Pamoja na tofauti za malezi, pana tofauti za lugha zenyewe. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kufuata wakati. Wakati hujulikana kwa maneno mengine na kwa mwelekeo wa habari. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari nchini China huweza kuyapita maumbo ya vitenzi vya Kiingereza asitambue ni tukio lipi lililotangulia lingine. Tena, katika Kichina maelezo hulitangulia jina linaloelezwa, ni kama sisi tungesema aliyevunja kikombe mtoto. Katika Kiingereza, kama katika Kiswahili, maelezo marefu ya namna hiyo hulifuata jina. Sentensi ndefu yenye maelezo ndani ya maelezo humpotezea mwanafunzi huyo mtenda, naye asijue kitenzi cha mwisho ni cha nani.

Dawa aliyoichagua Richards ni Basic English, mpango ambao Ogden aliutangaza mwaka 1930. Mpango huo ulikuwa na maneno 850 tu, na ndani yake vitenzi 18. Mwaka 1936 Richards alirudi China kwa msaada wa fedha za shirika la Rockefeller ili kuueneza mpango huo mashuleni, na kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza kwa wanafunzi wa Kichina kilitoka mwaka 1938. Lakini Julai 1937 mapigano yalizuka karibu na Beijing baina ya majeshi ya Japani na China, na vita vikaenea nchini. Mpango wa mashuleni ulivunjika, naye Richards akaondoka mwaka 1938.

Je, ni vita tu vilivyoishinda kazi ile? Sisi twaona kwamba dawa yenyewe haikulingana na ugonjwa aliougundua. Maneno yakiwa machache, kila neno hulazimika kubeba maana nyingi. Ili kusema kuvumilia kwa vitenzi vichache vile, yabidi kuunganisha put, up na with. Ili kusema kuacha, give na up. Mwanafunzi anayajua maneno yote hayo moja moja, lakini maana ya muungano wake haipatikani kwa kuyajumlisha. Tena wale waliompigia makofi mnyongaji wa Tess hawakuwa na haja ya maneno machache zaidi. Walikuwa na haja ya mwalimu wa kuwasikiliza na kuwarudisha kwenye maandishi.

Kuanzia mwaka 1939 Richards alifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huko, pamoja na Christine Gibson, alitunga English Through Pictures, kitabu kinachofundisha kwa michoro sahili inayopangwa hatua kwa hatua. China hakuisahau. Aliizuru mwaka 1950, na mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 86, alialikwa tena kutoa mihadhara. Aliugua akiwa safarini humo, akarudishwa Uingereza, na tarehe 7 Septemba 1979 alifariki dunia mjini Cambridge.

China aliyoiacha ilikuwa imekwisha kuurudisha, mwaka 1977, mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu. Mtihani huo umekuwa na vifungu vya ufahamu wa Kiingereza vyenye majibu ya kuchagua, na yapo mashaka ya kweli kwamba kijana ataizoea mitego ya majibu kuliko maandishi yenyewe. Mashaka hayo si ya China peke yake. Mwalimu wa kwetu anayajua.

Basi tuchukue nini kwa Richards? Si orodha yake ya maneno 850, bali desturi yake ya kuusoma usomaji wa wanafunzi. Mwalimu atoe kifungu kifupi bila jina la mtunzi. Kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake mwenyewe kilichosemwa, msemaji anakionaje, anamwambia nani, na kwa kusudi gani. Wanaoanza waruhusiwe kuandika kwa lugha yao, ili udhaifu wa kuandika usifiche uwezo wa kusoma. Darasa likiwa kubwa, mwalimu achague karatasi nne au tano zinazopingana, azisome bila kutaja majina, kisha aulize: ni neno lipi katika kifungu linaloutetea usomaji huu, na ni lipi linaloukataa? Hapo jibu lisilo sahihi halitakuwa aibu ya mtu, bali litakuwa kifaa cha kufundishia.

Kazi hiyo ni nzito kuliko kusahihisha herufi A hadi D, na yahitaji mwalimu aliye tayari kusikia asiyoyatarajia. Lakini asiyeuliza sababu ya makofi hatajua kamwe darasa lake limesoma nini.