Carlo Abarth

Carlo Abarth (jina la kuzaliwa: Karl Albert Abarth, Vienna, Austria-Hungaria, 15 Novemba 1908 – Vienna, Austria, 24 Oktoba 1979) alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano, fundi na mtengenezaji wa magari mwenye asili ya Austria aliyechukua uraia wa Italia. Anajulikana hasa kwa kuchukua magari madogo ya bei nafuu yaliyotengenezwa na Fiat na kuyabadilisha injini, ekzosi, breki na sura ili yaende kasi zaidi. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1949, Abarth & C., ilipata ushindi mwingi katika mashindano ya magari na kuweka rekodi nyingi za mwendo. Nembo yake ni nge.

Utoto na ujana

Abarth alizaliwa Vienna wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya milki ya Austria-Hungaria. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili katika mji wa Merano, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya milki hiyo na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ukawa sehemu ya Italia. Uhusiano huo na Merano ulikuja kumsaidia sana baadaye.

Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya ufundi katika karakana za baiskeli na pikipiki, akashiriki katika kuunda fremu zake. Kutoka kutengeneza alihamia kwenye kuendesha, na mwaka 1928 alianza kushinda mashindano ya pikipiki. Tangu mwanzo alikuwa mtu wa kazi mbili: aliendesha chombo, kisha akakifungua mwenyewe ili ajue kwa nini kilishindwa au kilishinda.

Mwaka 1930 alipata ajali mbaya huko Linz. Baada ya kupona aligeukia pikipiki zenye kigari cha pembeni, akabuni kigari cha namna yake. Mwaka 1934 alijipatia sifa kwa kushindana na treni mashuhuri ya Orient Express katika safari ya kutoka Vienna hadi Ostend nchini Ubelgiji, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300. Mara ya kwanza treni ilimshinda kwa sababu ya hitilafu ya pikipiki. Baada ya muda mfupi alijaribu tena, na safari hiyo yeye ndiye aliyetangulia.

Ajali ya pili na miaka ya vita

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Abarth alipata ajali nyingine huko Ljubljana, Yugoslavia. Alilazwa hospitalini kwa muda mrefu, na maisha yake kama mwendesha pikipiki wa mashindano yakaishia hapo. Alibaki Yugoslavia katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Vita vilipokwisha alikuwa na umri wa miaka 36, bila mali ya maana na bila uwezo wa kurudi kwenye kazi iliyompa jina. Alihamia Merano kwa ndugu za baba yake, akawa raia wa Italia, na jina lake Karl likageuka kuwa Carlo.

Cisitalia

Abarth alikuwa na uhusiano na familia za Porsche na Piëch, kwa kuwa mke wake wa kwanza aliwahi kuwa katibu wa Anton Piëch, mkwe wa Ferdinand Porsche. Kwa njia hiyo yeye pamoja na mhandisi Rudolf Hruska wakawa wawakilishi wa ofisi ya usanifu ya Porsche nchini Italia.

Mteja wao mkubwa alikuwa Piero Dusio, mfanyabiashara wa Torino aliyemiliki kampuni ya magari ya Cisitalia. Dusio aliagiza kwa Porsche gari la mashindano ya Grand Prix lenye ufundi wa hali ya juu, naye Abarth akawa msimamizi wa timu ya mashindano ya Cisitalia. Gharama za gari hilo zilizidi uwezo wa kampuni. Cisitalia iliingia katika matatizo makubwa ya fedha, na Dusio akahamia Argentina. Abarth alipata sehemu ya haki zake kwa njia ya magari na vipuri badala ya fedha taslimu.

Kuanzishwa kwa Abarth & C.

Tarehe 31 Machi 1949 Abarth alianzisha kampuni yake akishirikiana na familia ya Scagliarini: Armando alitoa mtaji, na mwanawe Guido alikuwa dereva wa mashindano. Kampuni ilianza Bologna, kisha ikahamia Torino, mji wa Fiat. Kwa kuwa Abarth alizaliwa chini ya nyota ya Nge, alimchagua mdudu huyo kuwa nembo: ni mdogo, lakini hakuna anayemdharau.

Magari ya kwanza yalitokana na yale ya Cisitalia. Tarehe 10 Aprili 1950 dereva maarufu Tazio Nuvolari, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, aliendesha gari la Abarth katika mashindano ya kupanda mlima Pellegrino karibu na Palermo, akashinda katika daraja lake. Yalikuwa mashindano yake ya mwisho.

Hata hivyo, mashindano peke yake hayakuweza kulipa mishahara. Kilichoiokoa kampuni ni ekzosi. Abarth alitambua kwamba ekzosi za kiwandani zilitengenezwa kwa kuzingatia zaidi ukimya na bei ndogo, nazo zilizuia moshi kutoka kwa urahisi. Injini isiyoweza kutoa moshi wote haiwezi kuvuta hewa mpya ya kutosha, na hivyo hupoteza nguvu. Ekzosi zake zilipunguza kizuizi hicho. Zilikuwa na rangi nyeusi na midomo ya kung'aa, na mlio wake ulikuwa mzito. Mtu mwenye kipato cha kawaida aliweza kununua ekzosi moja na kuifunga kwenye gari lake bila kugusa kitu kingine. Biashara hiyo ilienea Italia na kuvuka mipaka yake, ikawa nguzo ya kampuni.

Kubadilisha magari madogo

Fiat 600 ilipotoka mwaka 1955, na Fiat 500 mwaka 1957, familia nyingi za Italia zilipata gari lao la kwanza. Yalikuwa magari yenye injini nyuma, mepesi, ya bei nafuu, lakini yenye nguvu kidogo. Fiat 500 ya kwanza ilikuwa na injini ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita 479 na nguvu ya farasi 13 tu. Abarth aliona kuwa uzito mdogo ni mtaji: gari jepesi halihitaji nguvu nyingi ili liende kasi.

Njia alizozitumia zinaeleweka vizuri kwa mifano michache:

- Fiat Abarth 750 (1956). Injini ya Fiat 600 ilikuwa na ujazo wa sentimita 633. Abarth aliweka krankshafti mpya iliyoongeza urefu wa mwendo wa pistoni, hivyo ujazo ukafika 747. Pamoja na kabureta kubwa zaidi na ekzosi yake, nguvu iliongezeka karibu mara mbili.
- Fiat Abarth 595 (1963). Hapa mwendo wa pistoni uliachwa kama ulivyokuwa kwenye Fiat 500, ila silinda zilipanuliwa hadi kipenyo cha milimita 73.5. Ujazo ukawa sentimita 594, nguvu farasi 27, na mwendo wa juu kiasi cha kilomita 120 kwa saa.
- Fiat Abarth 695 (1964). Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vyote viliongezwa hadi milimita 76. Aina yake iliyoitwa SS ilifikia nguvu ya farasi 38 na mwendo wa kilomita 140 kwa saa.
- Fiat Abarth 850 TC (1961). Gari hili lilitokana na Fiat 600 D. Kwa kuwa kasi iliongezeka, magurudumu ya mbele yaliwekewa breki za diski, maana gari linaloongezewa mwendo bila kuongezewa uwezo wa kusimama ni hatari kwa mwenyewe na kwa wengine.

Mnunuzi alikuwa na hiari. Aliweza kununua gari lililokamilika kutoka kwa Abarth, au kununua kasha la vipuri na kumpelekea fundi wake abadilishe gari alilokuwa nalo. Kwa njia hii mtu aliweza kuanza na kitu kidogo, kama ekzosi au usukani, na kuendelea kadiri alivyopata fedha.

Sura ya magari hayo ilibadilika pia, lakini mara nyingi kwa sababu za kiufundi. Sampu ya oili ya alumini, kubwa kuliko ya kawaida, ilionekana chini ya gari kwa nyuma. Kazi yake ilikuwa kubeba oili zaidi na kuipoza. Katika magari ya mashindano ya aina ya 1000 TC, rejeta iliwekwa mbele ndani ya kisanduku kilichochomoza mahali pa bampa. Kifuniko cha injini nyuma kiliachwa wazi na kushikiliwa na vyuma ili joto litoke. Kifuniko hicho kilichoinuliwa kikawa alama ya Abarth, na vijana wengi walikiiga hata kwenye magari ambayo injini zake hazikuwa na joto la kuhitaji hivyo.

Abarth alishirikiana pia na mafundi wa mabodi. Kampuni ya Zagato ilitengeneza mabodi mepesi ya alumini kwa ajili ya Abarth 750, yenye paa lenye vibyongo viwili vilivyoacha nafasi kwa vichwa vya dereva na abiria bila kuinua paa lote.

Rekodi

Mauzo ya Fiat 500 yalipoanza kwa kusuasua, Abarth aliamua kuonyesha uwezo wake. Februari 1958, kwenye uwanja wa Monza, gari la Fiat 500 lililoboreshwa naye lilikimbia siku saba mchana na usiku, madereva wakipokezana. Katika saa 168 lilisafiri kilomita 18,186, kwa wastani wa kilomita 108 kwa saa. Viongozi wa Fiat walivutiwa, na kampuni hiyo ikakubali kumlipa Abarth fedha kwa kila ushindi na rekodi. Kwa hiyo kushinda kulikuwa sehemu ya mapato, na kushindwa kulikuwa hasara ya moja kwa moja.

Oktoba 1965, akikaribia umri wa miaka 57, Abarth aliingia mwenyewe kwenye gari la kiti kimoja huko Monza. Chumba cha dereva kilikuwa chembamba mno kwa mtu mwenye umbo lake kubwa, naye kwanza alipunguza uzito wake kwa kilo 30 hivi, akila hasa matufaha. Aliweka rekodi za kuongeza mwendo kutoka gari likiwa limesimama, na idadi ya rekodi za kampuni yake ikafika 100. Ilikuwa zaidi ya robo karne tangu ajali ya Ljubljana.

Kuuza kampuni na kifo

Katika miaka ya 1960 magari ya Abarth yalitawala daraja la magari madogo katika mashindano ya Ulaya. Lakini Abarth alianza pia kujenga magari makubwa ya mashindano, ambayo gharama zake zilikuwa nzito kwa kampuni ya ukubwa wake. Mwaka 1971 aliiuzia Fiat kampuni yake. Kazi ya magari ya mashindano ya uwanjani ilichukuliwa na Enzo Osella, na Fiat ikaitumia karakana ya Torino kwa ajili ya magari ya rali.

Abarth alirudi Vienna. Alioa mara tatu. Mke wake wa mwisho alikuwa Anneliese. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1979, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 71.

Urithi

Karakana aliyoiacha iliendelea kupata ushindi. Fiat 131 Abarth ilishinda ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji miaka 1977, 1978 na 1980. Wapenzi wa rali wa Afrika Mashariki waliiona gari hiyo nchini Kenya: katika Safari Rally ya mwaka 1979, iliyoshindwa na Mkenya Shekhar Mehta akiendesha Datsun, Markku Alén wa Ufini alishika nafasi ya tatu kwa Fiat 131 Abarth.

Mwaka 2007 Fiat iliianzisha upya Abarth kama kampuni yenye jina lake. Mwaka uliofuata ilitoa Abarth 500 mpya yenye injini ya tabo ya nguvu ya farasi 135, pamoja na vifaa vya hiari vya kuifikisha 160, vilivyofungashwa ndani ya kasha la mbao kama enzi za mwanzilishi.

Leo viwanda vingi vya magari duniani huuza gari dogo la kawaida pamoja na aina yake yenye nguvu zaidi, ringi kubwa na ekzosi ya michezo. Abarth alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifanya kazi hiyo kuwa biashara kamili, inayomfikia mtu asiye na uwezo wa kununua gari la kifahari.