Eleanor Rathbone: mbunge aliyetaka hela ya watoto ashike mama

Wadau, Churchill kila mtu anamjua. Leo nawaletea mama mmoja aliyeibana serikali ya huyo huyo Churchill mpaka ikanywea, tena kwa swali moja tu: hela ya watoto ashike nani?

Eleanor Rathbone alizaliwa 1872 kwenye ukoo wa matajiri wa Liverpool, na baba yake naye alikuwa mbunge. Kwa hiyo shida hakuijua nyumbani kwao. Aliijua kwa kuzunguka mitaa ya walalahoi wa mji ule, na mwaka 1909 akachaguliwa diwani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, wake za wanajeshi wakawa wanalipwa posho mkononi, na yeye alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo pale Liverpool. Akaona mwenyewe kwamba mama akishika hela yake, hata kama ni kidogo, ili mradi ni ya uhakika kila wiki, watoto wanakula.

Mwaka 1924 akatoa kitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba mshahara hauulizi una watoto wangapi. Kapera na mwenye watoto sita wanalipwa sawa. Basi serikali itoe posho ya watoto, na apewe mama. Vyama vya wafanyakazi vikamtilia shaka, vikihofia waajiri wataifanya posho kisingizio cha kubana mishahara. Mimi naona woga wao haukuwa wa kijinga.

1929 akaingia bungeni kama mgombea binafsi (ndiyo, lile lile suala lililofikishwa mahakamani hapa Bongo). Alikuwa kwenye kiti cha vyuo vikuu, ambacho wapiga kura wake walikuwa wahitimu. Hana chama, hana wa kumwambia akae kimya. Enzi za Hitler aliwakera mawaziri kwa maswali yasiyoisha kuhusu Wayahudi waliokuwa wanatafuta pa kukimbilia.

Mwaka 1945 muswada wa posho ukafika bungeni: shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto, kuanzia wa pili. Kasheshe ni kwamba ulisema hela hiyo ni mali ya baba! Bibi wa miaka sabini na ushee akasimama na kutishia kuupigia kura ya hapana muswada alioupigania karibu miaka 30. Jamani, wangapi wangethubutu? Wengi tungechukua kilichopo tukanyamaza. Serikali ikaona noma, ikawaachia wabunge wapige kura kila mtu kwa utashi wake. Wakaamua apewe mama.

Rathbone alifariki Januari 2, 1946. Malipo ya kwanza yalitoka Agosti mwaka huo huo, na akina mama wakaenda posta kuchukua chao.